Mzee Akifungiwa kwa Karantini, Mpe Saa, Hiari na Kazi

Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia katika makazi ya wazee, jambo la kwanza ni kufunga geti. Wageni wanazuiwa, ukumbi wa chakula unafungwa, kila mmoja anapelekewa sahani chumbani kwake. Mara nyingi uamuzi huo ni sahihi. Kikohozi ambacho kijana anakimaliza kwa siku tatu kinaweza kumuua mtu wa miaka 85, na mwaka 2020 UVIKO-19 ilionyesha ukweli huo kwa ukatili katika nyumba za wazee za Ulaya na Amerika Kaskazini. Lakini geti likishafungwa, unaanza ugonjwa wa pili ambao kipimajoto hakiuoni. Mzee anarudisha sahani nusu. Analala mchana, usiku anakesha. Aliyekuwa akiwaita wahudumu kwa majina yao sasa anaitikia kwa kutikisa kichwa. Wiki zikipita anaacha hata kuuliza geti litafunguliwa lini, na hapo ndipo mimi, kama muuguzi wa wazee, huogopa zaidi.

Karantini hazikuisha na UVIKO. Mafua makali yanafunga milango, maradhi ya tumbo ya kuhara na kutapika yanafunga, upele unafunga, kipindupindu kinafunga. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, kila mahali wanapoishi watu wengi pamoja palikuwa na swali lilelile: tuwatenge vipi wenzetu bila kuwavunja moyo? Kwa wazee swali hilo ni la uhai, na wanaolijibu kwa kuleta televisheni kubwa zaidi wanajibu nusu yake tu.

Muziki na televisheni si vibaya. Ila utafiti wa miaka karibu hamsini unatuelekeza kwingine, na utafiti ninaourudia kila ninapofundisha wahudumu wapya ni wa mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Schulz, uliochapishwa mwaka 1976. Schulz aliwapeleka wanafunzi wa chuo kikuu kuwatembelea wazee waliokuwa wakiishi katika makazi, kwa muda wa miezi miwili hivi. Wazee aliwagawa makundi manne. Kundi la kwanza waliamua wenyewe mgeni aje lini na akae muda gani. La pili hawakuamua, lakini waliarifiwa mapema siku na saa. La tatu walitembelewa kwa kushtukizwa. Mgeni alibisha hodi tu. La nne hawakupata mgeni. Makundi matatu ya kwanza yalipata wageni kwa kiasi kinacholingana, kwa hiyo tofauti yoyote isingeweza kuelezwa kwa wingi wa matembezi.

Matokeo yake yanapaswa kubandikwa katika ofisi ya kila msimamizi. Waliojiamulia na walioarifiwa mapema walikuwa na furaha zaidi, walijishughulisha zaidi na hata afya yao ilionekana bora. Walioshtukizwa hawakuwa na nafuu ya maana kuliko wale ambao hawakutembelewa kabisa. Yaani mgeni yuleyule, mazungumzo yaleyale, lakini faida ikapotea kwa sababu mzee hakujua mgeni anakuja lini.

Ukikaa na wazee utaelewa kwa nini. Bibi anayejua kwamba mjukuu wake atapiga simu Jumatano saa nne asubuhi, Jumanne anaomba achanwe nywele. Anakumbuka neno alilotaka kumwambia, anamwambia mhudumu amkumbushe. Simu yenyewe ni dakika kumi, lakini imempa siku mbili za kuwa na jambo mbele yake. Anayepigiwa "nikipata nafasi" hupata dakika kumi tu, na siku nyingine zote anaishi kwa kuhisi kwamba labda leo, labda asipigiwe kamwe.

Kuna sehemu ya pili ya kisa hiki ambayo haitajwi sana. Schulz na mwenzake, Barbara Hanusa, waliwafuatilia wazee wale kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya wanafunzi kuondoka, na mwaka 1978 wakaeleza walichokikuta. Wale waliokuwa wamefaidika zaidi ndio walioshuka, kiafya na katika hamu ya kuishi, huku wengine wakibaki kama walivyokuwa. Walizoea mtu, wakapanga wiki zao kumzunguka, kisha mtu yule akatoweka kwa sababu utafiti umekwisha. Hapa nazungumza na vikundi vyetu vya hisani kwa heshima yote. Wanaokwenda katika makazi ya wazee ya Nunge kule Kigamboni, Sebleni au Welezo kule Unguja, au Mji wa Huruma jijini Nairobi wakati wa sikukuu, na unga, sabuni na mpiga picha, wanafanya jambo jema. Lakini ukimwambia mzee "tutarudi", umempa ahadi. Kama huwezi kurudi, mwambie hivyo kwa upole siku hiyohiyo, umuage vizuri. Na kama karantini imekuzuia, ile saa uliyozoea kufika ndiyo saa ya kupiga simu.

Baada ya saa linakuja suala la hiari. Mwaka huohuo wa 1976, Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika nyumba ya wazee iitwayo Arden House, Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa maamuzi ya maisha yao ni yao: wachague mche wa kupanda kwenye chungu na wautunze wenyewe, wachague usiku gani wataangalia sinema. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mche, lakini wakaambiwa wauguzi wataumwagilia. Sinema nao waliipata, ila walipangiwa siku. Kwa macho ya mkaguzi, ghorofa zote mbili zilipata huduma moja. Baada ya wiki tatu waliopewa uamuzi walikuwa wachangamfu zaidi, wakiwatembelea wenzao na kuzungumza na wahudumu kuliko wale wa pili.

Karantini inanyang'anya hiari kwa wingi. Lini uoge, ule wapi, mlango uwe wazi au umefungwa, vyote vinaamuliwa na kinga ya maambukizi. Ndiyo maana kila uamuzi ambao hauhusiani na kinga urudishwe kwa mzee. Uji au chai? Khanga ipi leo? Kitanda kielekee dirishani au ukutani? Redio iwe kwenye habari, mawaidha au taarabu? Mhudumu mwenye haraka huona maswali haya yanamchelewesha. Kwa mtu ambaye amebakiwa na mita chache za chumba, hayo ndiyo mambo pekee ambayo bado yanamtii.

Sasa kazi, ambayo naipa uzito kuliko yote kwa sababu ndiyo tunayoipuuza zaidi. Tunamwambia mzee "pumzika, bibi" tukidhani tunamheshimu. Mwanamke aliyelima, akalea watoto saba, akakaa kwenye jopo la kina mama wa kuwafunda mabinti, anakalishwa kitandani na kuambiwa kazi yake imekwisha. Daktari Bill Thomas alipoanza kazi Chase Memorial, nyumba ya wazee katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York, alisema wakazi wake wanauawa na mapigo matatu: upweke, kukosa la kufanya na kujiona hawana msaada kwa yeyote. Mwaka 1991 aliingiza humo mbwa wawili, paka wanne na ndege mia moja wa jamii ya kasuku wadogo. Ndege walifika kabla ya vizimba vyao, wakaachiwa ndani ya chumba cha saluni, na wazee wakasogelea vioo vya chumba hicho wakicheka kwa kuwatazama. Baadaye waliwapa majina, wakawa wanawalisha. Waliokuwa hawasemi walianza kusema, na wengine walijitolea kuwatembeza mbwa.

Sisi hatuhitaji kasuku mia moja. Mwekee bibi wa pwani mbele yake chane za ukindu za kusukia ukili, zilizokwisha kutiwa rangi na kulowekwa zikalainika, kisha usimwelekeze. Atashika ncha, atapima kwa kidole gumba, na vidole vitaanza kupita juu na chini kama vilivyofanya tangu alipokuwa msichana. Nimeliona hili kwa bibi ambaye asubuhi ile alikuwa hamtambui binti yake. Ujuzi wa mikono huhifadhiwa katika sehemu za ubongo ambazo ugonjwa wa kusahau huchelewa kuzifikia, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza majina ya watoto na bado akaona kosa katika msuko wako na kukukemea. Kukemewa huko ni dalili njema. Ina maana kwa dakika zile yeye ndiye fundi.

Kwa bara iwe kuchambua maharage kwenye ungo, kupukuchua mahindi kwa vidole, kushona vifungo, kukunja mashuka. Tahadhari moja ya kitaalamu: kama ugonjwa uliofunga geti ni wa kuhara, mzee aliyetengwa asishike chakula cha wengine hata kidogo. Mpe uzi, mpe shanga, mpe nguo zake mwenyewe azikunje. Na kazi ile iwe ya kweli. Ukimpa mashuka ayakunje kisha ukayakunjua nyuma ya mlango ili kesho umpe tena, siku atakayogundua utakuwa umemdhalilisha.

Ipo kazi nyingine isiyohitaji vifaa, nayo ni ya ulimi. Jioni, mhudumu apite mlango kwa mlango na kitendawili kimoja. "Kitendawili!" Atajibiwa "Tega!" hata na mzee ambaye kutwa hakusema. Atakayeshindwa adaiwe mji, na jibu lisitolewe hadi kesho jioni, ili usiku wapate la kuwaza. Wakazi wawili waliotenganishwa na ukuta wanaweza kushindana kwa wiki nzima kupitia kwa mhudumu mmoja. Wanaume wacheze bao kwa njia hiyohiyo: kila mmoja na ubao wake chumbani, mhudumu akipeleka na kuleta hesabu za kete. Watu wazima wanakumbuka vipindi vya redio vya salamu kwa wagonjwa waliolazwa, jinsi wodi nzima ilivyonyamaza jina lilipotajwa. Makazi yenye spika ukumbini, au hata simu moja yenye sauti kubwa, yanaweza kusoma salamu za ndugu kila siku saa ileile, na wazee nao wakatuma salamu zao.

Mwili usisahaulike tukiwa tunashughulikia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani kwa siku kumi watu wazima wenye afya njema, wastani wa miaka 67. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi tu, na hao hawakuwa wagonjwa. Mzee asimame mara kadhaa kwa siku akishika ukingo wa kitanda, anyanyue visigino, atembee hadi dirishani na kurudi. Pazia lifunguliwe asubuhi, maana mwanga wa mchana ndio unaoupa mwili habari ya lini kulala. Ukutani pawe na saa inayotembea na kalenda yenye herufi kubwa. Miwani isafishwe, shimesikio liwe na betri, meno ya bandia yawe kinywani na si kwenye kikombe. Barakoa imeficha midomo ya wahudumu, na mzee mwenye usikivu hafifu ambaye alikuwa akisoma midomo bila yeyote kujua, ghafla anaonekana mkaidi au amechanganyikiwa.

Na kama kweli amechanganyikiwa ghafla, juzi alikuwa sawa na leo anaongea na watu wasiokuwapo au anasinzia ukizungumza naye, usiseme ni upweke. Hiyo ni dharura. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, choo kilichofunga au dawa mpya. Aitwe daktari siku hiyohiyo.

Simu ya video ilikuwa mkombozi wa wengi mwaka 2020, na ilikuwa mateso kwa wengine kwa sababu ya namna ilivyopigwa. Mhudumu anaishika mkononi huku anatazama saa, picha inatikisika, upande wa pili watu sita wanapiga kelele kwa pamoja, "Babu! Unatuona?" Babu anaona dari. Simu iwekwe mezani, iegemezwe kwenye kitu, ilingane na macho yake. Mpigaji awe mmoja, wawili wakizidi. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya chai, kwa sababu wenye ugonjwa wa kusahau wengi huhangaika jua likizama. Usianze kwa kumuuliza "unanikumbuka?" Huo ni mtihani, na akifeli ataona aibu mbele ya mtu anayempenda. Anza kwa kujitaja: "Shikamoo bibi, mimi Asha, mtoto wa Halima." Kisha nyamaza, mpe nafasi ya kuitikia marahaba. Muonyeshe kitu: mtoto aliyezaliwa, mwembe ulioanza kuzaa, sufuria iliyo jikoni. Muombe kitu pia, iwe dua, jina la ukoo, au namna ya kuzuia kisamvu kisiwe kichungu. Ukimaliza, mtajie siku ya simu ijayo, na mhudumu aiandike kwenye kalenda mbele yake.

Kutazamana kupitia dirisha kunawafaa wanaoelewa kwa nini kioo kipo. Asiyeelewa huona mwanawe amesimama nje na anakataa kuingia. Ikiwa kila baada ya ziara hiyo mzee analia au anagonga kioo, iacheni.

Kuna ambalo simu haiwezi. Picha ya mwaka ya World Press Photo kwa 2021, iliyopigwa na Mads Nissen, inaonyesha muuguzi akimkumbatia mwanamke mzee katika makazi ya São Paulo, Brazili, Agosti 2020, kupitia pazia la plastiki lenye mikono. Ilikuwa mara ya kwanza mama yule kukumbatiwa baada ya miezi mitano. Miezi mitano watu walimgusa kwa kumvisha, kumwogesha na kumpima tu. Katika makazi yetu si lazima pawe na pazia la namna ile. Mhudumu aliyekwisha vaa glavu na barakoa kwa ajili ya kumwogesha mzee anaweza kuongeza dakika tano za kumpaka mafuta mikononi na miguuni, polepole, bila kuzungumza na mwenzake aliye mlangoni.

Juu ya yote hayo linakuja suala la sera. Uholanzi ilifunga nyumba zake za wazee kwa wageni tarehe 20 Machi 2020. Wiki zilivyopita, wahudumu na familia walisema wazi kwamba wanaona wazee wakizimika. Tarehe 11 Mei, nyumba 26 zilianza kwa majaribio kuruhusu mgeni mmoja maalumu kwa kila mkazi, mtu yuleyule kila mara, kwa masharti ya kinga, huku watafiti wakifuatilia. Hakuna maambukizi yaliyotokana na wageni hao yaliyobainika katika kipindi hicho, na ruhusa ikapanuliwa. Baadaye mwaka huo sheria ya Uholanzi ya muda kuhusu UVIKO-19 ilimhakikishia kila mkazi haki ya kutembelewa na angalau mtu mmoja. Ontario nchini Kanada nayo ilianza kuwatambua ndugu fulani kama walezi wa lazima wanaoruhusiwa kuingia hata nyumba ikiwa na mlipuko. Naona huo ndio mwelekeo sahihi. Binti anayekuja kumlisha mama yake ni sehemu ya matibabu, afundishwe kuvaa kinga kama anavyofundishwa mhudumu, aingie.

Kwetu Afrika Mashariki kuna uzito wa ziada. Baadhi ya makazi ya serikali nchini Tanzania yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na mengine yamewapokea vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa kusingiziwa uchawi. Mtu wa namna hiyo ukimfungia mlango bila maneno, hafikirii virusi. Anafikiri wamemtupa tena. Kwake maelezo ni dawa, nayo atayasahau na utayarudia: mlango umefungwa kwa sababu ya ugonjwa, wote tumefungiwa, chakula kitakuja saa saba, mimi nitarudi saa kumi. Halafu urudi saa kumi kweli.

Maelfu ya Waswahili leo wanafanya kazi hii ya kuwahudumia wazee Uingereza, Marekani, Kanada na kwingineko, na nyumbani tunaihesabu pamoja na vibarua vya ughaibuni, ule unaoitwa ubebaji wa maboksi. Si haki. Anayejua kumrudisha kwenye chakula mzee aliyekata tamaa ana ujuzi ambao makazi yetu yanauhitaji, na maafisa ustawi wa jamii wangefanya vyema kuwaita wanapokuja likizo, wakae na wahudumu wa hapa hata kwa siku moja.

Kwa wasimamizi, ombi langu ni kwamba mpango wa karantini uandikwe kabla ya karantini. Kila mkazi aulizwe sasa, akiwa mzima na mchangamfu: nani awe mgeni wako mmoja, siku gani na saa ngapi upigiwe simu, mikono yako inapenda kazi gani, redio yako iwe wapi. Karatasi moja kwa kila mtu, ndani ya faili lake, inatosha. Na wewe msomaji mwenye mzazi, shangazi au mjomba katika makazi, usingoje mlipuko. Mpigie leo, muulize anataka simu yako siku gani na saa ngapi, kisha ishike saa hiyo wiki baada ya wiki.